Gofu au Mahame? Hospitali ya Kilembe katika Tathmini za Maafa

Je, majengo ya Hospitali ya Migodi ya Kilembe, wilayani Kasese, tuyaite gofu au mahame? Hospitali hiyo ilihudumia wachimbaji wa shaba, na vumbi la miamba huwazidishia wachimbaji hatari ya kifua kikuu. Maji ya Mto Nyamwamba yaliivamia Mei 2013, kisha Mei 2020, na huduma zikahamishwa. Gofu hutaja kuta. Mahame hutaja pia waliohama. Tofauti hiyo ni ya kisera. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6: kituo kikihama, mgonjwa hukifuata au hukatiza dawa. Tathmini inayohesabu majengo pekee haimwoni. Swali lake la kwanza liwe: waliotibiwa hapa, leo wanatibiwa wapi?