Shujaa Aliyerudi Nyumbani: Mashabiki na Kustaafu kwa Collins Injera

Mchezaji mkongwe anapostaafu, mashabiki wake hujikuta wakitafuta maneno. Maneno hayo hayazuki hivi hivi. Hutolewa katika ghala la jamii, pale zilipohifadhiwa ngano, nyimbo, misiba na sherehe zake. Kwa sababu hiyo tunaonelea kwamba namna Wakenya walivyomuaga Collins Injera, alipostaafu raga ya kimataifa mwaka 2022, yastahili kuchunguzwa kwa makini yale yale tunayoyatumia tunapochunguza utenzi au ngoma. Sisi wenyewe tumo miongoni mwa mashabiki hao, na lawama yoyote itakayojitokeza katika makala haya inatuhusu pia.

Kwa msomaji asiyeufuata mchezo huu, yafaa tueleze kwa ufupi. Raga ya wachezaji saba kila upande huchezwa kwa vipindi viwili vya dakika 7. Mchezaji aukandamizapo mpira chini, ng'ambo ya mstari wa lango la wapinzani, huwa amefunga trai, nayo huleta alama 5. Injera alianza kuichezea timu ya taifa katika mashindano ya dunia ya mchezo huu mwaka 2006. Katika msimu wa 2008 hadi 2009 alifunga trai 42, na hakuna aliyemzidi duniani mwaka huo. Mwezi wa Mei 2016, katika mashindano ya London, alivuka trai 230 za Santiago Gómez Cora wa Argentina, akawa mfungaji bora katika historia ya mashindano hayo. Dan Norton wa Uingereza alimpita mwaka 2017. Injera alipotundika viatu alikuwa amefikisha trai 279.

Tumeanza na hesabu kwa kuwa ndivyo mashabiki walivyoanza. Katika mabaraza, katika redio, hata ndani ya matatu, aliyetaka kumsifu alitaja 279 kwanza, kisha akanyamaza kana kwamba amemaliza. Hatuidharau hesabu, kwani ni ushahidi ambao hakuna awezaye kuubisha. Lakini hesabu ni lugha ya karani. Haiwezi kutuambia jinsi winga yule mwenye kifua kipana alivyokuwa akipokea mpira pembeni, mahali pembamba ambapo mwenzake angalitoka nje ya uwanja, akamsukuma mkabaji kwa mkono mmoja na kuendelea. Wala haituambii lolote kuhusu Jumapili ile ya tarehe 17 Aprili 2016, Kenya ilipoilaza Fiji kwa alama 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore na kutwaa kombe la mashindano hayo ya dunia kwa mara ya kwanza. Injera alikuwa miongoni mwa waliofunga siku hiyo. Fiji hao hao, miezi minne baadaye, walitwaa nishani ya kwanza ya dhahabu ya raga ya wachezaji saba katika Michezo ya Olimpiki kule Rio de Janeiro. Tunawajua watu wazima waliolia siku ya Singapore, nasi hatuoni haya kusema kwamba tulikuwa pamoja nao. Ukiwauliza leo Injera alikuwa na trai ngapi wakati ule, wengi wao hawakumbuki.

Baada ya hesabu yakafuata maombolezo, na hapa ndipo penye shauri letu. Sikiliza maneno yaliyotumika: pengo lisilozibika, buriani, tumempoteza, hatutamwona mwingine kama yeye. Mgeni aliyepita njia angalidhani kijana wa watu amefariki dunia. Ilhali yeye alikuwa hai, mwenye afya, hajatimiza hata miaka arobaini, na ameamua kwa hiari yake kukaa nyumbani. Tena walikuwapo waliomlaumu. Walisema kwamba timu ilikuwa dhaifu, kwamba angalivumilia msimu mmoja zaidi, kana kwamba shujaa hana ruhusa ya kuondoka uwanjani ila kwa kubebwa.

Neno hilo, shujaa, ndilo jina la timu yetu ya raga ya wachezaji saba. Ni jina zuri, nasi hatupendekezi libadilishwe. Ila jina huja na ngano zake. Fumo Liyongo hakuzeeka. Alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, akafa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuyakaribia maji wakidhani yu hai. Luanda Magere wa Wajaluo naye hakuzeeka. Siri ya nguvu zake ilitolewa na mkewe, mkuki ukapigwa kivulini mwake, akaanguka na kugeuka jiwe. Mashujaa wa ngano zetu huondoka kwa usaliti, wakiwa katika kilele cha nguvu zao, na aghalabu msaliti ni mtu wa nyumbani. Ngano hizo hazina sura ya shujaa anayeamka asubuhi moja, akahisi magoti yanamuuma, akaweka mkuki pembeni na kuwaambia vijana, "Haya, endeleeni." Basi mashabiki walipokabiliwa na jambo ambalo ngano haikuwafundisha, walishika sura waliyoizoea. Wengine walimlilia kama Liyongo aliyekufa, na wengine wakatafuta msaliti. Watu wa pwani ya kale waliogopa kuwakaribia wafu wakidhani wako hai. Sisi tulimwona aliye hai tukamdhania maiti.

Jambo hili si la mzaha, maana twajua tulivyofanya kifo chenyewe kilipokuja. Benjamin Ayimba, nahodha wa zamani wa timu ya taifa na kocha aliyeiongoza Kenya kutwaa kombe la Singapore, alifariki mwezi wa Mei 2021 baada ya kuugua malaria iliyopanda kichwani. Wakati wa ugonjwa wake wananchi waliombwa kuchangia gharama za matibabu. Wengi walichanga, na kwa hilo wanastahili shukrani. Lakini sifa zilizomiminika juu ya jeneza lake, hotuba zile ndefu na tamu, zilikuwa wapi katika miaka ambayo angaliweza kuzisikia? Tulimkosoa alipopoteza mechi, tukamsahau alipotoka kazini, tukamkumbuka alipolazwa. Tunaona kwamba chanzo cha kosa hili ni kile kile tulichokwisha kukieleza. Mtu aliyetoka uwanjani hana jina katika kinywa cha shabiki, na asiye na jina hatumwiti tunapogawana heshima.

Wapo watakaosema kwamba hili ni tatizo la mchezo wa kigeni. Ni kweli kwamba raga ililetwa na walowezi na kwa muda mrefu ilikuwa mchezo wa vilabu vyao. Klabu ya Injera, Mwamba, ilianzishwa mwaka 1977 na wachezaji Waafrika, nayo ikachagua jina la Kiswahili, jambo ambalo wakati ule lilikuwa tamko. (Kwamba Magere aligeuka jiwe na vijana hawa wakajiita mwamba, huenda ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayotupendeza.) Hata hivyo hoja hiyo haitutoshi. Watu waliokwisha kuufanya mchezo kuwa wao kwa jina, kwa wimbo na kwa machozi hawawezi kumsingizia mgeni pale wanapokosa maneno ya kuagana.

Isitoshe, maneno yapo. Kosa letu ni kwamba tuliyatafuta katika ngano, nayo yamo katika miviga. Wamaasai wana eunoto, sherehe inayofunga ujana wa morani na kumfungulia mlango wa uzee. Nywele ndefu alizozitunza kwa miaka hunyolewa, na anayemnyoa ni mama yake. Inasimuliwa kwamba wapo morani wanaolia kichwa kinapopita chini ya wembe, na hakuna anayewacheka. Halafu kijana huyo huinuka, hakuna aliyekufa, naye ana cheo kipya chenye kazi zake. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza sherehe hiyo, pamoja na nyingine mbili za rika za Wamaasai, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hatusemi kwamba wachezaji wa raga wanyolewe katikati ya uwanja wa barabara ya Ngong, ingawa tungalinunua tikiti. Tunasema kwamba jamii zetu zilikwisha kulifikiria swali la mpiganaji anayezeeka, zikalijibu kwa kitendo cha hadharani ambacho mama, wazee na rika zima walishiriki.

Anayetaka kuona maisha ya baada ya uwanja anaweza kumtazama kaka mkubwa wa Injera, Humphrey Kayange, aliyewahi kuwa nahodha wa timu hiyo hiyo. Mwaka 2021 aliingizwa katika jumba la heshima la raga ya dunia, na mwaka huo huo akachaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Hiyo ni kazi ya mzee wa baraza hasa. Lakini mashabiki wanapomtaja husimulia jinsi alivyokuwa akiruka juu kuudaka mpira, na kazi ya barazani huipitia kwa sentensi moja. Na Injera mwenyewe, ambaye ameshika brashi na rangi akawa mchoraji, huulizwa kuhusu picha zake kana kwamba ni dawa ya kumsahaulisha mpira.

Siku moja, baada ya habari za kustaafu kwake kutangazwa, tulikuwa jukwaani tukitazama mechi ya vilabu. Winga mmoja kijana alipata mpira pembeni, akamsukuma mkabaji wake, akafunga. Mzee aliyekaa nyuma yetu akapaza sauti, "Injera!" Jirani yake akamkumbusha kwamba Injera amekwisha kustaafu. "Najua," akajibu mzee yule, macho yake bado uwanjani. "Namwita huyu."