Ua Lililonyong'onyea: Picha ya Kertész na Jina Lake

Mwaka 1939, mjini New York, André Kertész, mpiga picha mzaliwa wa Budapest, alipiga picha ya ua moja la tulipu ndani ya chombo cha kioo. Shina limepinda, na kichwa cha ua kimeinama chini. Picha haina rangi. Yote isemayo huyasema kwa mwanga, kivuli na mpindo ule mmoja. Jina lake lina maana ya "Tulipu yenye Huzuni".

Aghalabu picha hii husomwa kuwa ni sura ya mpigaji mwenyewe, aliyehamia Marekani mwaka 1936 na kukosa huko heshima aliyoipata Paris. Usomaji huo si wa kupuuzwa. Walakini humwondoa mtazamaji penye ua na kumpeleka katika maisha ya mtu. Jina ndilo linalomsukuma, kwa kuwa hutaja huzuni kabla jicho halijaona kitu.

Kiswahili chaweza kulipima jambo hili. Mmea uliokosa maji hunyauka, rangi hufifia, majani hupukutika. Ua hili bado halijakauka wala halijapukutika. Limenyong'onyea, neno lisemwalo hasa juu ya mwili uliolegea kwa uchovu au maradhi. Neno hilo huanza na mwili, na moyo ukafuata. Huzuni huanza na moyo, na mwili ukasahauliwa.

Mwaka huohuo William Hichens alichapisha Al-Inkishafi mjini London. Katika utendi huo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir auonya moyo wake kwa magofu ya Pate. Mawaidha yake ni ya waziwazi, lakini nguvu yake yatoka katika vitu vilivyotazamwa kwa makini, kama vidaka vya vyombo vya kauri vilivyogeuka makao ya ndege. Huko onyo hutanguliwa na jicho.

Tofauti iko katika wakati. Mshairi husimama baada ya maangamizi, akakumbuka. Kamera haina budi kuwapo wakati kitu kingali kinapita. Uzuri wa picha hii ni wa saa ile ya katikati, ua lisipokuwa zima wala halijafa. Saa hiyo yatosha kumhuzunisha mtazamaji, hata asipoambiwa.