Baada ya Mshale Kutoka

Wahadzabe husifiwa kwa shabaha, nao wanastahili sifa hiyo. Upinde wao unakaribia kimo cha mtu, na kuuvuta mpaka mwisho kunataka nguvu ya kunyanyua kilo 30 hivi, mkono usitetemeke. Hata hivyo naona tunasifu sehemu ndogo ya kazi. Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, ustadi mkubwa huanza mshale ukishatoka.

Tuutazame huo mshale kwanza. Ufito hukatwa mbichi, hubanduliwa gome, hupashwa moto, kisha fundi huunyoosha kwa meno. Huutazama kwa jicho moja, huurudisha motoni, huuma tena pale palipopinda. Nyuma hufunga manyoya ya kanga kwa kano, na kano hizohizo za mnyama ndizo zinazosokotwa kuwa upote. Kwa pimbi na ndege, ncha ya mti yatosha. Kwa tandala, pofu au punda milia kinatakiwa kigumba cha chuma, na kwa miaka mingi chuma hicho kimetoka kwa wahunzi wa Kidatoga, ambao jamaa zao wameenea hadi chini ya Mlima Hanang. Asali na ngozi huenda kule, vigumba huja huku. Siku hizi wengi hugonga misumari ikiwa baridi mpaka ipate makali. Shingo ya kigumba hupakwa sumu iliyochemshwa kutokana na utomvu wa waridi la jangwani, mti uleule ambao watu wa mijini huupanda kwenye vyungu kwa ajili ya maua yake. Sumu hiyo husimamisha moyo.

Ila haiusimamishi papo hapo. Swala pala aliyechomwa hukimbia, na mwindaji asiyeiva humkimbilia. Mnyama akisikia vishindo nyuma yake huzidi kwenda, na pengine asionekane tena. Mwindaji aliyeiva hutulia. Huangalia alikoelekea, hutafuta damu kwenye majani, huokota mshale kama umedondoka na kuona umeingia kiasi gani. Kisha hurudi kambini, asiseme mengi. Ikiwa jua limekwisha kuzama, husubiri alfajiri ndipo arudi na wenzake kufuata nyayo.

Na nyayo hizo zipo kwenye ardhi ya watu wengi. Ng'ombe na mbuzi wa Wadatoga wamepita hapo, punda wamepita, Wairaqw wameshuka kutoka mashamba ya juu. Katika vumbi lililovurugwa hivyo, mtu anatafuta ukwato mmoja, wa mnyama yule, wa jana jioni, na kuutenga na wa swala aliyepita asubuhi hii. Mgeni anayelipia matembezi ya saa chache aone uwindaji haonyeshwi jambo hili, kwa sababu halina wakati wake maalumu.

Nyama ikipatikana hugawiwa kambi nzima, na sehemu ziitwazo epeme ni za wanaume waliokwisha kukubaliwa kuwa watu wazima, basi. Aliyepiga hana ruhusa ya kujikuza kwa hilo. Mimi napenda desturi hiyo kuliko medali zote.

Kazi hii imebaki kwa sababu ardhi imebaki. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu ilitaka kulichukua bonde. Wenyeji na watetezi wao wakapinga, ikajiondoa. Mwaka 2011 Wahadzabe wakapata hati ya hakimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Hawakuwafukuza majirani: mipango ya matumizi ya ardhi hutenga pa kuchunga, pa kulima na pa kuwinda.

Wakati wa kiangazi wawindaji hujibanza usiku karibu na maji, wakingoja wanyama waje kunywa. Shamba moja likifyekwa hadi ukingoni mwa maji hayo, wanyama huhama, na maarifa yote niliyoyaeleza hukosa pa kutumika. Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Mbulu, wenyeviti wa vijiji na ndugu zetu wakulima: mipaka ile mliyokubaliana iheshimiwe, na maji yaachwe wazi.