Heko kwa Wabisha Hodi
Mtaani Kibokoni, Mombasa, shirika likitaka kujua kama huduma zake zimewafaa watu, la kwanza ni nani atumwe kubisha hodi. Nawapa heko wanaomchagua binti wa hapahapa: anakaribishwa hadi uani, anakaa na kina mama, na lawama anaziandika kama zilivyosemwa. Msimamizi wa huduma asitumwe. Nani atamlalamikia yeye mwenyewe usoni? Barazani kwa wazee, aende kijana wanayemjua kwao.

MUHURI, shirika la haki za binadamu lililoanzishwa Mombasa mwaka 1997, lilitangulia kuonyesha njia. Mwaka 2007, kule Changamwe, liliwafunza wakazi wenyewe kukagua miradi ya CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, na kuwahoji majirani zao, kisha waliyoyabaini yakasomwa mbele ya umma.