Chujio la Bombani na Mkono Unaolifungua

Chujio la bombani lina sehemu tatu tu: mwili wa chuma uliounganishwa na bomba, wavu au kikapu kilichomo ndani, na mfuniko. Kimiminika huingia upande mmoja, hupenya kwenye matundu na kutokea upande wa pili, kikiwa kimeacha nyuma kutu, mchanga, nyuzi, vipande vya gasketi na magamba ya kuchomelea. Chujio la kawaida halina kinachozunguka ndani yake wala halihitaji umeme. Mahali pake ni kabla ya kitu kinachoumizwa na uchafu: kabla ya pampu, kabla ya mita, kabla ya valvu inayodhibiti mtiririko, kabla ya ncha nyembamba inayorusha mafuta kwenye tanuri la boila. Chembe moja ya chuma ikipita hapo, pampu iliyogharimu mamilioni ya shilingi hukwaruzika ndani kwa dakika chache.

Wahandisi hulitofautisha chujio na filta kwa ukubwa wa kinachoshikwa. Mpaka huwekwa kwenye mikroni 40 hivi, yaani sehemu 40 za elfu ya milimita, pale jicho la mwanadamu linapoanza kushindwa kuona. Filta hushika visivyoonekana, na mara nyingi ikijaa hutolewa na kutupwa. Chujio hushika vinavyoonekana. Kikapu chake huoshwa, hurudishwa, na huenda kikatumika miaka mingi. Kwa hiyo ufundi wa chujio ni ufundi wa kusafisha zaidi kuliko wa kuzuia. Kuzuia ni kazi ambayo hata kipande cha wavu kilichofungwa ovyo huiweza siku ya kwanza. Chujio linalostahili sifa ni lile ambalo mwaka wa tano bado linafunguliwa kila linapopaswa kufunguliwa, kwa sababu aliyelibuni alimfikiria fundi wa zamu ya usiku, mwenye glavu zenye mafuta na spana moja. Lililo gumu kufunguka huachwa, na likiachwa hugeuka kuwa kizibo.

Matundu ya wavu huhesabiwa kwa meshi, yaani idadi ya matundu katika urefu wa inchi moja. Wavu wa meshi 20 huwa na nafasi za milimita 0.84 hivi, meshi 40 huwa na milimita 0.42; meshi 100 huwa na 0.15; na meshi 200 huwa na 0.075, ambao ni unene unaokaribiana na wa unywele. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa waya mnene hula nafasi: nyavu mbili za meshi moja zinaweza kupitisha chembe za ukubwa tofauti. Fundi makini huuliza upana wa tundu kwa mikroni, kisha huuliza njia iliyo nyembamba kuliko zote katika mtambo unaolindwa ina upana gani. Kinachoshinda hapo ni busara ya kujizuia, maana kila mnunuzi hutamani wavu mwembamba kuliko unaohitajika, akidhani anajinunulia usalama. Wavu mwembamba kupita kiasi hukamata hata uchafu ambao ungepita bila madhara, hujaa haraka, na mwisho huchanika kwa presha na kumwaga kwa mkupuo mmoja kila ulichokuwa umekishika.

Jambo la pili la kupima ni eneo la wazi, yaani jumla ya matundu yote ikilinganishwa na mdomo wa bomba. Kikapu kizuri huwa na eneo kubwa mara kadhaa kuliko bomba lenyewe, na sababu yake ni hesabu isiyo na huruma. Katika mtiririko wa kasi, presha inayopotea huongezeka kwa mraba wa kasi hiyo. Eneo la wazi likibaki nusu, kasi ya kupita tunduni hurudufika na presha inayopotea hupanda mara nne. Likibaki robo, hupanda mara kumi na sita. Ndiyo maana chujio huonekana zima kwa majuma kadhaa halafu huziba kama kwa ghafla. Geji mbili, moja kabla na nyingine baada ya chujio, huonyesha tofauti ya presha tangu mapema, na huo ndio mwito wa kufungua. Chujio lisilo na geji humwacha mtu akikisia. Na likiwa upande wa pampu unaovuta, kukisia ni ghali: presha hushuka mpaka kimiminika kinaanza kuchemka bila moto, viputo vya mvuke huzaliwa na kupasuka ndani ya pampu, na mapanga ya chuma hutobolewa kidogo kidogo kila vinapopasuka.

Umbo linaloonekana mahali pengi ni la herufi Y. Mguu wake wa mshazari hubeba wavu wenye umbo la bomba fupi, na mwisho wa mguu una kizibo au koki ndogo. Koki hiyo ikifunguliwa kwa muda mfupi presha ya ndani husukuma uchafu nje, bila kutoa wavu. Katika mabomba ya maji mguu huelekezwa chini, ili uchafu ulale mbali na mtiririko. Katika mabomba ya mvuke mguu hulazwa ubavu. Ukielekezwa chini hukusanya maji, na maji yaliyokaa katika njia ya mvuke hukokotwa kwa kasi na kugonga viungo kwa nguvu ya kuvunja chuma. Kosa hilo la mwelekeo ni la kawaida, nalo hutambulika kwa kulitazama bomba tu, kabla hata mtambo haujawashwa.

Panapokuwa na uchafu mwingi, Y haitoshi, huhitajika kikapu. Kimiminika huingia kwa juu, ndani ya kikapu, na kutoka kwa kupitia ubavuni na chini. Kupita kutoka ndani kwenda nje ni uamuzi mdogo wenye maana kubwa: uchafu wote hubaki ndani, na kikapu kinapoinuliwa kwa mshikio wake hutoka nao. Kina mama wa pwani wanaotumia kifumbu kuchujia tui huujua ubora huo: machicha hubaki ndani ya mfuko, hukung'utwa, kifumbu husuuzwa na kurudi kazini. Mifuniko nayo hutofautiana. Wenye bolti nane za kufungua moja moja humchosha fundi kabla kazi haijaanza. Bora zaidi ni bolti za kukunja, ambazo hulegezwa na kuangushwa pembeni bila kutoka mahali pake, zisipotee wala kudondokea ndani ya bomba. Mfuniko mzito wa chuma cha kusubu huhitaji bawaba au mkono wa kuuzungusha pembeni. Haya hayapendezi katika picha za kuuzia mitambo, lakini ndiyo yanayoamua iwapo kikapu kitaoshwa Jumatatu au kitasubiri mpaka kiharibu pampu.

Mtambo usioruhusiwa kusimama hufungiwa chujio pacha: vyumba viwili vyenye vikapu viwili, na valvu katikati inayoelekeza mtiririko upande mmoja au mwingine. Ufundi wa kulihudumia huonekana wazi katika mitambo ya umeme na meli zinazotumia mafuta mazito, yale ambayo hayatiririki vizuri mpaka yapashwe moto. Tofauti ya presha inapofika kikomo, fundi hakimbilii mpini. Kwanza hufungua kijia kidogo ili chumba kilichokuwa kinasubiri kijae mafuta ya moto taratibu, na hutoa hewa kwa juu mpaka mafuta yatoke bila kutema povu. Hapo ndipo huzungusha mpini polepole, huku macho yake yakiwa kwenye geji. Upande uliopumzishwa hutolewa presha na kumwagwa, na bolti za mfuniko hulegezwa kidogo kidogo, zote kwa zamu, ili kama kuna presha iliyosalia itokee pembeni bila kuurusha mfuniko. Tahadhari hiyo imelipiwa kwa moto: mafuta yaliyofyatuka kutoka kwenye chujio lililofunguliwa likiwa na presha, yakaangukia bomba la moshi la injini, ni chanzo kinachojulikana cha moto katika vyumba vya mitambo melini.

Kikapu hakioshwi kwa pupa. Hulowekwa katika dizeli mpaka utando mweusi ulainike, husuguliwa kwa brashi laini, kisha hupulizwa hewa kutoka nje kwenda ndani, kinyume cha njia ya mafuta. Kuchokonoa matundu kwa msumari ni mwiko, kwa kuwa tundu lililopanuliwa halirudi. Mwisho huinuliwa kwenye mwanga na kuzungushwa polepole. Mwanga ukipita sawasawa kote, wavu ni mzima. Nukta moja inayong'aa kuliko nyingine ni mchaniko, na kikapu hicho hakirudi bombani. Gasketi hukaguliwa, bolti hukazwa kwa kupishana zinazotazamana, chumba hujazwa na kutolewa hewa, na kikapu hukaa tayari kwa zamu ijayo.

Kilichomo ndani ya kikapu hakitupwi bila kusomwa. Magamba ya kutu husema bomba linaliwa kwa ndani. Vipande vyembamba vya rangi ya shaba huelekeza kwenye beringi inayosagika, na mpira uliokatika ni habari ya gasketi iliyofungwa vibaya au kuzeeka. Vinavyonata kwenye sumaku hutengwa na visivyonata. Mtambo mpya ukiwashwa mara ya kwanza, mabombani huwekwa chujio la muda lenye umbo la pia, nalo hukusanya waliyoyasahau wajenzi: vipande vya elektrodi, mchanga, matambara, pengine nati nzima. Msimamizi anayeweka sampuli za uchafu katika vichupa vyenye tarehe ana kumbukumbu ya afya ya kiwanda ambayo geji haziwezi kumpa.

Kwenye vyakula masharti hubadilika, kwa sababu mabaki yenyewe ni hatari. Chujio la kiwanda cha maziwa hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Aina ya 316, yenye asilimia 2 hadi 3 ya molibdenamu, huchaguliwa panapokuwa na chumvi. Ndani hung'arishwa, kwa kawaida hadi mikwaruzo isiyozidi mikroni 0.8, ili vijidudu visipate pa kujificha. Nyuzi za skrubu huepukwa kwa sababu hiyohiyo, na mwili hufungwa kwa klampu moja inayofunguliwa kwa mkono mtupu. Matone ya mafuta ya maziwa, ambayo kwa kawaida hayafiki hata mikroni 20, hupita bila taabu. Mabonge, nywele na majani hubaki. Soda ya koastiki ya moto huzungushwa mabombani kuondoa mafuta na protini, kisha asidi huondoa ukoko wa madini. Lakini chini ya ukosi wa wavu dawa hizo hazifiki vizuri, na mfanyakazi mwenye brashi hubaki wa lazima, kila siku ya kazi.

Viwanda vya sukari, kama vya Kilombero na Arusha Chini nchini Tanzania, vina adui wa aina nyingine. Maji yanayokamuliwa kwenye miwa hubeba nyuzi laini za makapi, na nyuzi hufumana juu ya matundu zikawa mkeka. Kikapu cha kawaida kingefunguliwa mchana kutwa. Jibu zuri kuliko yote lilitoka mbali na miwa: katika miaka ya 1950 migodi ya makaa ya mawe ya serikali ya Uholanzi ilitengeneza chekeche lililopinda, lenye nyaya za umbo la kabari zilizolazwa kukingama mtiririko. Kimiminika huteremka juu yake kwa kasi, na ukingo wa kila waya hukata tabaka jembamba kutoka chini yake, lenye unene wa karibu robo ya nafasi iliyopo kati ya waya na waya. Chembe inayozidi takriban nusu ya nafasi hiyo haipiti, na inayopita ni ndogo mno kukwama, zaidi ya hapo nafasi zenyewe hupanuka kuelekea nyuma. Yaani chekeche hilo huchuja vitu vidogo kuliko matundu yake, na hujisafisha kwa mwendo wa kile kile linachochuja. Ukingo wa waya ukilika, chekeche hugeuzwa, ukingo wa pili uanze kazi. Ni vigumu kutaja kifaa cha kiwandani kilichofikiriwa vizuri kuliko hicho.

Wazo la kujisafisha limeingia hata mabombani. Yapo machujio ambayo tofauti ya presha ikifika kikomo hufungua valvu ya kutolea taka, na sehemu ndogo ya maji yaliyo safi hurudi nyuma kupitia wavu na kubandua uchafu, huku mtiririko mkuu ukiendelea. Thamani ya kuweza kurudisha maji nyuma ilidhihirika tarehe 28 Julai 1992 katika kinu cha nyuklia cha Barsebäck 2 nchini Sweden. Kinu kilikuwa kikiwashwa baada ya mapumziko ya matengenezo. Valvu ya usalama ilifunguka isivyotarajiwa, na mvuke uliofyatuka ukachana sufi ya madini iliyofunika mabomba, karibu kilo 200. Karibu nusu ya sufi hiyo ikasombwa hadi kwenye bwawa ambamo pampu za dharura huvuta maji, na machujio ya pampu hizo yakaanza kuziba baada ya saa moja na dakika chache. Mahesabu ya wabunifu yalikuwa yameahidi saa kumi.

Waendeshaji walirudisha maji nyuma kupitia machujio, sufi ikabanduka, na pampu zikaendelea kuvuta. Septemba ya mwaka huo mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Sweden iliamuru vinu vitano vya muundo wa zamani visimame, Barsebäck 2 kikiwa kimojawapo, mpaka viwekewe machujio makubwa zaidi. Nchi nyingine, Marekani ikiwemo, zilifuata kwa kukagua vinu vyao, na katika vingi vikapu vidogo vya awali viling'olewa na kubadilishwa kwa machujio yenye eneo kubwa mara nyingi zaidi.