Mwanamitindo na Waamuzi Wake

Mashindano ya wanamitindo yaonyeshwayo katika televisheni hutazamwa na watu wengi, lakini ni nadra kuhakikiwa kama utungo. Hudhaniwa kuwa ni kitu cha kupitishia jioni tu, kisichostahili kalamu ya mwanachuoni. Dhana hiyo haifai. Mchezo huo una watu wake, mgogoro wake, kilele chake na mwisho wake, kama hadithi yo yote; tena una watungaji wake, ingawa watazamaji hawawaoni. Basi yafaa uulizwe maswali yale yale tunayoziuliza riwaya na tamthilia. Katika insha hii nitauliza moja tu: je, mchezo huu huwatendeaje watu wake?

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni America's Next Top Model, ulioanza Marekani mwaka 2003 chini ya Bibi Tyra Banks, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamitindo. Nchi nyingi ziliuiga. Mwaka 2013 ulikuja wa Afrika nzima, ukiongozwa na Bibi Oluchi Onweagba wa Nigeria, na mshindi akawa jirani yetu, Bibi Aamito Lagum wa Uganda. Kanuni yake ni nyepesi. Wasichana hukaa katika nyumba moja. Hupewa kazi, hupigwa picha, kisha husimama mbele ya waamuzi, na mmoja hutolewa. Hapana ubaya katika kanuni hiyo. Ubaya, kama upo, hauna budi kutafutwa katika matumizi yake.

Tuangalie jambo la mwanya. Mwaka 2006, katika mashindano ya sita, Bibi Danielle Evans wa Arkansas aliambiwa na Bibi Banks kuwa mwanya wa meno yake ungemzuia kupata kazi ya kutangaza vipodozi. Kwanza alikataa usizibwe. Baada ya kubanwa alikubali upunguzwe, naye akashinda. Miaka minne baadaye, katika mchezo ule ule, mshindani mwingine alipelekwa kwa mganga wa meno ili mwanya wake upanuliwe. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa ajabu ya habari hii. Kwetu mwanya ni pambo. Husifiwa katika mashairi na katika mazungumzo ya kila siku, na mama auzaye ndizi za Kinole katika soko la Morogoro angecheka kusikia kuwa ni dosari. Lakini hoja yangu si kwamba sisi tunajua uzuri na wenzetu hawaujui. Kama mwanya ulikuwa kosa mwaka 2006, ukawa pambo mwaka 2010, basi waamuzi hawakuwa na kipimo cha uzuri walichokilinda. Walicholinda ni haki yao ya kuamuru. Kilichopimwa ni utii wa msichana, na kinywa chake kilikuwa mahali pa kuupimia.

Mambo mengine yathibitisha hayo. Mwaka 2005 washindani walipakwa rangi ili wafanane na watu wa mataifa mengine, na jambo hilo likarudiwa mwaka 2009. Mwaka 2007 waliamriwa kulala mbele ya kamera kama maiti za wanawake waliouawa. Mwaka 2005 pia msichana mmoja aliyekwisha kutolewa alikemewa kwa sauti kubwa mbele ya wenzake, kwa sababu hakuonyesha majonzi ya kutosha. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua kuliko yote. Kushindwa kwake hakukutosha. Alitakiwa pia alie kwa namna iwapendezayo waliomshinda. Mwezi wa Mei mwaka 2020, picha hizo za zamani zilipozuka tena na kulaumiwa, Bibi Banks alikiri kuwa baadhi ya mambo waliyochagua hayakuwa sawa. Kukiri ni uungwana, walakini kulikuja baada ya miaka kumi na mitano.

Sasa nije kwa watungaji. Mwezi wa Julai mwaka 2006 wafanyakazi kumi na wawili wa mchezo huo waligoma, wakitaka kuingia katika chama cha waandishi. Walidai kwamba kazi yao ni kutunga hadithi: kuchagua vipande kutoka katika saa nyingi za picha, na kuvipanga hata vikawa kisa. Mgomo haukufaulu, mchezo uliendelea bila wao. Lakini dai lao latufaa sana wahakiki. Lathibitisha kuwa msichana aonekanaye mgomvi, au mlizi, au mwenye kiburi, amepewa sura hiyo na mkono usioonekana, kama mwandishi ampavyo mhusika wake. Tofauti ni kubwa, hata hivyo. Mhusika wa riwaya haumii kitabu kifungwapo. Huyu hurudi kwao, akaomba kazi, akaolewa, akalea watoto, na sifa aliyotungiwa humfuata po pote aendapo. Tena hakuonyeshwa mswada kabla ya kukubali kuwamo.

Huenda mtu akasema kuwa kumtazama msichana hadharani ni jambo geni kwetu, tuliloletewa na wazungu. Si kweli. Katika milima ya Uluguru msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali. Akafunzwa, akatunzwa, hata siku ya kutolewa kwa ngoma mbele ya watu wote. Waluguru, na jirani zao Wazaramo na Wakwere, walikuwa na kisanamu cha mti kiitwacho mwana hiti, ambacho mwali alikitunza kama mtoto. Sitaki kuusifu unyago kupita kiasi. Ulikuwa na ukali wake, na kufungiwa kwa muda mrefu kuliwanyima wengine shule. Lakini waliomfunza mwali walikuwa watu wa ukoo na wa kijiji. Kesho yake wangekutana naye njiani, na aibu yake ingekuwa aibu yao. Tena hakuna mwali aliyetolewa ili mwenzake abaki. Wote walitazamiwa kufika. Waamuzi wa televisheni hawana deni kama hilo. Mwali alipewa mwanasesere amtunze. Mshindani hufanywa mwenyewe kuwa mwanasesere.

Hapa ni lazima nijitenge na walaumu wa namna nyingine. Mwezi wa Oktoba mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Mashindano ya urembo nayo yalikomeshwa kwa miaka mingi, yakarejea mwaka 1994. Nia ilisemwa kuwa ni kulinda heshima ya taifa. Lakini aliyeulizwa habari za urefu wa sketi yake barabarani, na aliyeulizwa habari za mwanya wake mbele ya kamera, wameulizwa swali moja na watu wa namna moja: watu wanaodhani kuwa mwili wake ni mali ya baraza. Mhakiki amlaumuye mshindani kwa kujionyesha amejiongeza tu katika safu ya waamuzi.

Na safu hiyo ni ndefu. Mwezi wa Februari mwaka 2016 kampuni ya vipodozi ya MAC ilitoa picha ya midomo ya Bibi Lagum, na watu wasiomjua wakaitukana kwa maneno ya ubaguzi. Mtazamaji aliyezoea kuona wasichana wakipimwa kiungo kwa kiungo amefunzwa kupima naye.

Kwamba mambo yaweza kuwa vingine, Bibi Flaviana Matata alituonyesha mwaka 2007, alipokwenda Mexico kwa niaba ya Tanzania akiwa amenyoa kichwa, akaingia katika kumi bora wa Miss Universe. Mashindano yalibaki mashindano, naye hakulazimika kuvaa kichwa cha mtu mwingine ili aonekane.

Hukumu yangu basi ni hii. Mchezo huu una ustadi wa hadithi, nao hauna wajibu wa mtunzi. Hautavunjiwa heshima ukitakiwa kumwambia msichana mapema atakayotendewa, kumwacha akatae bila kuadhibiwa, na kumruhusu ashindwe bila kulia. Na sisi tutazamao tuna kazi yetu: kabla ya kucheka pamoja na waamuzi, tuulize ni nani aliyetukalisha karibu nao.