Chapa za Kwanza za Maandiko ya Kilatini na Kipimo cha Wakusanyaji

Wakusanyaji wa vitabu vya kale vya Kilatini kwa muda mrefu wamepima thamani ya kitabu kwa umri wake: kilichotangulia kupigwa chapa ndicho kilichotukuzwa. Kipimo hicho chamfaa mfanyabiashara. Mchunguzi wa lugha hakimtoshi.

Mashairi ya Vergilius yalipigwa chapa Roma, yapata mwaka 1469, na Sweynheym na Pannartz, ambao desturi yao ilikuwa kutoa nakala 275. Si ajabu basi kitabu hicho kuwa adimu. Lakini katika kuthibitisha maneno ya mshairi hakina uzito mkubwa, kwani miswada ya karne ya 5 ingali ipo, nayo imekitangulia kwa miaka elfu moja hivi.

Kwa Velleius Paterculus, mwandishi wa historia, mambo ni kinyume. Mswada wake ulionekana katika abasia ya Murbach mwaka 1515, na baadaye ukapotea. Beatus Rhenanus aliutolea chapa Basel mwaka 1520. Chapa hiyo, iliyochelewa nusu karne baada ya ile ya Vergilius, ndiyo shahidi mkuu tuliobakiwa nao, pamoja na nakala ya mkono ya Bonifacius Amerbach. Tena mwishoni mwake mna orodha ya Albert Burer, aliyelinganisha maneno ya chapa na yale ya mswada. Kurasa hizo hazina pambo lolote. Hata hivyo, nakala iliyozikosa imepungukiwa kuliko iliyokosa jalada zuri.

Wakusanyaji wana haki ya kushukuriwa. Maktaba ya Spencer wa Althorp, iliyonunuliwa na Enriqueta Rylands mwaka 1892, imehifadhiwa Manchester, na wasomi huitumia hadi leo. Lakini katika karne ya 18 na ya 19 wapenzi wengi wa vitabu walizoea kuosha kurasa, kukata kingo na kujalidi upya, ili kitabu kionekane kipya. Maandishi ya wasomaji wa kwanza pambizoni, pamoja na masahihisho yao, yakafutika au yakakatwa.

Hasara hiyo hairudishiki. Kitabu kilichosafishwa kilipata bei na kupoteza ushahidi; na mkusanyaji asiyesoma anachokikusanya huweza kukiharibu kwa mapenzi yale yale yaliyomfanya akitafute.